Maziwa ya Mkebe na Tumbo la Mtoto Mchanga

Mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa hahitaji kufundishwa ya kuwa ndama asiyepata maziwa ya kutosha hatakuwa ng'ombe wa maana. Anajua pia ya kuwa ndama mwenye afya huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili kwa muda wa siku hamsini hivi. Mtoto wa binadamu haendi kwa mwendo huo. Akizaliwa na kilo tatu na robo, atafikisha kilo sita na nusu akiwa na umri wa miezi mitano hivi, na karibu kilo kumi siku ile atimizapo mwaka. Mtoto wa sungura naye huzidisha uzito wake mara mbili kwa juma moja tu.

Tofauti hizi hazikuja ovyo. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu mmoja wa mji wa Basel huko Uswisi, jina lake Gustav von Bunge, alipima maziwa ya wanyama mbalimbali akayalinganisha na mwendo wa kukua wa watoto wao. Aliona ya kuwa kadiri mtoto anavyokua upesi, ndivyo maziwa ya mama yake yanavyokuwa na protini nyingi, yaani chakula kijengacho nyama ya mwili, pamoja na madini mengi. Maziwa ya kila mama yamepimwa kwa mwendo wa mtoto wake.

Hesabu yenyewe ni hii. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 33 hivi. Lita ya maziwa ya mama wa kibinadamu ina gramu 10 tu. Ikiwa lita hizo mbili zitakaushwa na kuchomwa mpaka yabaki majivu, ambayo ndiyo madini, ile ya ng'ombe itaacha gramu 7 na ile ya mama gramu 2. Kwa upande wa sukari mambo hugeuka: maziwa ya mama yana gramu 70 za sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, na ya ng'ombe yana gramu 47 hivi. Mafuta yanakaribiana kwa wingi, ila si ya namna moja. Wako wazee wanaoyatazama maziwa ya mama, yalivyo mepesi na yenye rangi ya samawati kidogo, wakasema hayana nguvu. Wepesi huo si upungufu. Ni kipimo cha mtoto ambaye hana haja ya kusimama kwa miguu yake saa moja baada ya kuzaliwa.

Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kenya mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto 60 kwa kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Katika uchunguzi wa mwaka 2008 na 2009 hesabu ilikuwa 32 tu, na hayo ni maendeleo ya kusifiwa. Lakini wapo watoto wasio na njia hiyo. Mama amefariki katika uzazi. Au ni mgonjwa, naye anakunywa dawa zisizofaa kupita katika maziwa. Au mtoto ameokotwa. Yuko pia karani wa kike ambaye likizo yake ya uzazi, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2007, ni miezi mitatu, na ofisi yake i mbali na nyumbani. Watoto hawa wataishi kwa mkebe, wote kabisa au nusu, na yafaa wale wawaleao wajue kilichomo ndani ya mkebe ule na namna tumbo linavyokipokea.

Maziwa ya mkebe, karibu yote, ni maziwa ya ng'ombe yaliyokarabatiwa. Kiwanda huchukua maziwa yaliyokusudiwa ndama na kujaribu kuyarudisha katika kipimo cha mtoto wa mtu.

Kazi ya kwanza ya kiwanda ni juu ya kuganda. Kila atengenezaye maziwa ya mgando nyumbani ameona ya kuwa yakiganda hutengana, mabonge meupe mazito upande mmoja, na maji ya rangi ya kijani na manjano upande mwingine. Protini ya mabonge huitwa kaseini; protini ya yale maji ni nyepesi, wala haigandi kwa ukali wa tumbo. Katika maziwa ya ng'ombe, sehemu 80 kwa 100 za protini ni kaseini na 20 ni ile ya maji. Katika maziwa ya mama ni kinyume, kaseini kama 40 na ile ya maji kama 60. Maziwa mabichi ya ng'ombe yaingiapo katika tumbo la mtoto mchanga hufanya bonge gumu lenye kunyumbuka, ambalo juisi za tumbo dogo huchelewa kulivunja. Maziwa ya mama hufanya vipande vidogo laini kama chenga, vikatoka tumboni mapema, na ndiyo maana mtoto anyonyaye huamka tena na tena kutaka titi. Mtoto wa mkebe hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kulia. Jirani akiona hivyo husema, "Maziwa ya mkebe yanashibisha kweli kweli!" Kumbe tumbo halijamaliza kazi yake.

Moto hulainisha bonge. Kwa sababu hiyo maziwa yaliyochemshwa vizuri humsumbua mtoto kidogo kuliko mabichi, na yale ya unga, yaliyopashwa moto na kupondwapondwa kiwandani, humsumbua kidogo zaidi. Viwanda vingi huongeza tena protini ya maji ya maziwa mpaka ifike sehemu 60 kwa 100, kama ilivyo kwa mama. Hata hivyo kulinganisha hesabu si kulinganisha kitu chenyewe. Protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya maziwa ya ng'ombe haimo kabisa katika maziwa ya mama. Na zile za mama zinazopigana na vijidudu, pamoja na kingamwili zitokanazo na magonjwa ambayo yeye mwenyewe amekwisha kukutana nayo, hazipatikani katika mkebe wa kawaida.

Jambo la pili ni yale majivu. Figo za mtoto mchanga bado ni changa, hazina nguvu ya kutoa mkojo mzito. Takataka zinazobaki baada ya protini kutumika, na chumvi zote zilizozidi, hazina budi kutolewa pamoja na maji mengi. Siku ya kawaida mtoto apewaye maziwa mazito ya ng'ombe anaweza kustahimili. Siku ya joto kali, au siku ya homa na kuhara, maji hayatoshi. Chumvi hujaa katika damu, mtoto hupata kiu, hulia. Mama hudhani ni njaa, humpa maziwa tena, na yale maziwa huongeza chumvi juu ya chumvi. Mtoto wa namna hiyo huweza kupata kifafa, na wako waliokufa. Tena fosforasi ya maziwa ya ng'ombe, iliyo nyingi mara kadha kuliko ya mama, hushusha kalsiamu katika damu ya mtoto wa siku chache, naye huanza kutetemeka na kukakamaa mwili.

Haya hayakuwapata watu wasio na hospitali peke yao. Uingereza ilianza mwaka 1940 kuwapa wazazi maziwa ya unga ya serikali, yaliyoitwa National Dried Milk. Yalikuwa maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa, yakaongezwa vitamini, lakini chumvi zake na protini yake ziliachwa karibu kama zilivyotoka kiweleni. Mamilioni ya watoto walikua kwa maziwa hayo. Lakini waganga waliendelea kuona watoto wenye kifafa cha juma la kwanza na watoto waliokaushwa na chumvi, hata mwaka 1974 kamati ya wataalamu iliyowekwa na serikali hiyo ikashauri ya kuwa maziwa yasiyopunguzwa chumvi na protini hayafai kwa mtoto mchanga. Kabla muongo ule haujaisha maziwa hayo yalikuwa yameondolewa. Miaka zaidi ya thelathini ilipita kabla ya nchi tajiri, yenye maabara na waganga wengi, kukubali hesabu ambayo Bunge alikuwa ameiandika tangu karne iliyotangulia.

Majaribio ya kwanza ya kutengeneza chakula cha kuuzwa kwa ajili ya watoto wachanga yalikuwa ya kale zaidi. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitoa fomula yake mwaka 1865, ya maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, kimea na chumvi ya potasiamu. Miaka miwili baadaye Henri Nestlé, mtengenezaji dawa katika mji wa Vevey huko Uswisi, alitoa unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Ilikuwa hatua kubwa kwa yatima wa siku zile, lakini wanga wa ngano si chakula cha tumbo la mtoto wa juma mbili. Kongosho lake bado halijatoa juisi ya kutosha kuuvunja. Kwa sababu iyo hiyo, uji mwepesi anaopewa mtoto wa mwezi mmoja "ili alale" ni mzigo tu.

Sasa mafuta. Viwanda huyaondoa mafuta ya ng'ombe, au sehemu yake, na kuweka ya mimea, kama alizeti, soya, nazi na mara nyingi mawese. Hapa pana kisa ambacho kila mtu aliyeona sabuni ikitengenezwa atakielewa. Katika maziwa ya mama, ile asidi ya mafuta iitwayo palmitiki imeshikamana katikati ya chembe ya mafuta, nayo huingia mwilini pamoja na chembe hiyo. Katika mafuta ya mawese imekaa pembeni. Juisi za tumbo huikata, nayo ikibaki peke yake hukutana na kalsiamu ya maziwa ndani ya utumbo, na mafuta yakikutana na madini ya namna hiyo hufanya sabuni. Si sabuni ya kutoa povu, bali ya kigumugumu isiyoyeyuka. Mtoto hupata choo kigumu, na pamoja na choo hicho hutoka sehemu ya mafuta na kalsiamu ambayo ingemjenga mifupa. Basi mama anayesema ya kuwa tangu abadili mkebe mtoto anajikamua na kulia asipuuzwe. Asome maandishi ya mkebe, aone mafuta yaliyotajwa kwanza ni yapi, na kama ni mawese amwulize mwuguzi kama kuna mwingine usio nayo.

Lakini si kila choo kinachotisha ni ugonjwa. Choo cha mtoto anyonyaye ni laini sana, cha manjano, na akiisha kupita majuma sita anaweza kukaa siku kadha bila kwenda haja, kisha akaenda bila taabu. Choo cha mtoto wa mkebe ni kizito zaidi, na huwa cha kijani kibichi kwa sababu ya madini ya chuma yaliyotiwa ndani. Madini hayo yasiogopwe. Chuma cha maziwa ya mama ni kidogo lakini mtoto hukichukua vizuri. Cha mkebe ni kingi kwa kuwa sehemu kubwa hupotea. Mama anayetafuta mkebe usio na chuma kwa sababu ya rangi ya choo humnyima mtoto damu.

Sukari ya maziwa nayo husingiziwa bure. Mtoto akilia jioni, au akijamba, husemwa ya kuwa laktosi haimpatani, na duka humwuzia mama mkebe wa bei ya juu usio na sukari hiyo. Ukweli ni kwamba mtoto anayezaliwa bila uwezo wa kusaga laktosi ni nadra sana duniani. Baada ya kuhara sana utumbo waweza kuchoka kwa majuma machache, na hapo mganga ana neno la kusema. Kulia kwa jioni kwa kawaida huanza juma la pili au la tatu na kupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne, mkebe ukibadilishwa au usipobadilishwa. Na mkebe ulionunuliwa mwisho ndio usifiwao.

Baada ya laktosi na mafuta, kitu kigumu kilicho kingi zaidi katika maziwa ya mama ni kile ambacho mtoto mwenyewe hawezi kukisaga hata kidogo. Ni sukari za minyororo mifupi, za namna zaidi ya mia moja. Kwa muda mrefu watu walijiuliza mama apoteze nguvu zake kwa nini kutengeneza chakula kisicholiwa. Jibu ni kwamba kinaliwa, ila si na mtoto. Mwaka 1899 Henry Tissier, katika chuo cha Pasteur mjini Paris, alikwisha kuona katika choo cha watoto wanyonyao vijidudu vya umbo la herufi Y. Vijidudu hivyo, vya kundi la bifidobakteria, ndivyo walaji wa sukari hizo. Navyo vikishiba hutoa ukali katika utumbo unaowafukuza vijidudu waletao kuhara. Tangu miaka ya 2010 baadhi ya viwanda vimeanza kutia namna moja au mbili za sukari hizo. Moja au mbili kati ya zaidi ya mia ni mwanzo, na bei ya mkebe hupanda kuliko faida yake inavyopanda.

Jambo linalowashangaza wazazi kuliko yote ni la uzito. Katika vijiji vyote mtoto mnene husifiwa, na mama yake hutembea kwa fahari. Wachunguzi wa nchi tano za Ulaya, yaani Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Poland na Hispania, waliwagawa kwa kura zaidi ya watoto 1,000 waliokuwa wakilishwa mkebe. Wengine walipewa maziwa yenye protini nyingi, wengine yenye protini kidogo, ingawa yote mawili yalikuwa halali kwa sheria ya wakati ule. Majibu yalitolewa mwaka 2009. Walipofika umri wa miaka miwili, watoto wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi, lakini si warefu zaidi. Walipofika umri wa miaka sita, hatari ya kuwa na unene wa ugonjwa kwao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya wenzao. Maziwa yaliyoelekea upande wa ndama yalizaa mwendo ulioelekea upande wa ndama, na mwili wa mtoto wa mtu haukuwa na pahali pa kuupeleka uzito ule isipokuwa katika mafuta. Baada ya hapo viwanda vingi vya Ulaya vilipunguza protini.

Ikiwa kuzidi kuna hasara, kupungua kuna hasara kubwa na ya upesi zaidi, kwa maana mtoto wa mkebe hana chakula kingine cha kufidia kilichosahauliwa. Mwaka 1978 kiwanda kimoja cha Marekani kilipunguza chumvi katika maziwa yake ya soya, madini ya kloridi yakakosekana, na watoto wakaacha kukua; Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya maziwa ya watoto mwaka 1980. Mwaka 2003 maziwa ya soya yaliyotengenezwa Ujerumani na kuuzwa Israeli yalikosa vitamini B1, na watoto kadha walikufa au wakadhurika ubongo. Kisa cha China cha mwaka 2008 ni kiovu kuliko hivi, maana hakikuwa usahaulifu. Maziwa yalitiwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki, ili kipimo cha maabara kidanganyike kionyeshe protini ya kutosha. Watoto karibu 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na sita walikufa.

Lakini katika nyumba za Afrika ya Mashariki mtu anayetia maji mara nyingi si mwizi. Ni mzazi. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mtoto wa kilo tano anahitaji kama mililita 750 za maziwa kwa siku. Kila mililita 100 huhitaji kama gramu 13 za unga, basi kwa siku ni karibu gramu 100. Mkebe wa gramu 400 utakwisha kwa siku nne, na mwezi mmoja utakula mikebe saba na zaidi. Mshahara wa karani wa daraja la chini, ukiisha kulipa kodi ya chumba, nauli na deni la duka, hauwezi kuvumilia jambo hilo. Baba hanunui mkebe wa nane. Wala mama hamwambii mtu. Vijiko vinne huwa vitatu, kisha viwili. Chupa bado ni nyeupe, mtoto bado ananyonya mpaka tumbo linajaa, na hakuna anayeona ya kuwa anakula nusu. Kipimo kimepotea, na maarifa yote ya kiwanda yamepotea pamoja nacho. Mtoto hukonda polepole, ngozi ya mapaja hujikunja, na akifikishwa kliniki huambiwa ana utapiamlo ingawa hajakosa chupa hata siku moja. Mwingine hufanya kinyume: hujaza kijiko kama kilima, au huongeza kimoja "cha nguvu," na hapo zile hatari za chumvi na figo hurudi mlangoni.

Hesabu hiyo yapasa kufanywa kabla ya mkebe wa kwanza kufunguliwa, maana titi lisiponyonywa maziwa hupungua. Mama ambaye alianza mkebe kwa kujaribu tu huona baada ya majuma machache ya kuwa hana tena uchaguzi. Mama wa ofisini anaweza kukamua maziwa yake kwa mkono na kuyaacha nyumbani katika chombo safi chenye kifuniko. Hukaa salama saa nne mahali penye kivuli na baridi kiasi, na zaidi sana katika friji. Kazi hiyo ina udhia, lakini hailipiwi mwisho wa mwezi.

Maziwa mazito matamu ya mkebe, yale ya kutia katika chai, si chakula cha mtoto mchanga kwa hali yoyote. Daktari Cicely Williams, mwanamke yule aliyeueleza ulimwengu ugonjwa wa kwashakoo kutoka Gold Coast katika miaka ya 1930, alihamia Malaya, akakuta mama wakishawishiwa kuwapa watoto maziwa hayo. Yalikuwa yameondolewa mafuta, na kwa hiyo vitamini A, na kujazwa sukari. Mwaka 1939 alihutubia chama cha mabwana wakubwa wa Singapore, akaipa hotuba yake jina "Maziwa na Mauaji." Hakupunguza neno. Ilichukua mpaka mwaka 1981 kwa Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia kupitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo, na Kenya ilizitia katika sheria yake mwaka 2012.

Tena unga wa mkebe, hata ule bora, si safi wa kutokuwa na kijidudu kabisa. Kiwanda hakiwezi kuua kila kitu katika unga kavu. Kwa sababu hiyo maji huchemshwa kwanza, kisha huachwa yapoe si zaidi ya nusu saa, ili yangali na moto wa digrii 70 unga unapotiwa, nao moto huo huua vilivyomo. Ndipo chombo hupozwa katika maji baridi mpaka maziwa yawe vuguvugu. Yanayobaki baada ya saa mbili humwagwa, hata kama moyo unauma. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, maana chuchu ya mpira haioshwi ikatakata kwa urahisi.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni maneno ya vitabuni. Botswana ilikuwa ikiwapa maziwa ya mkebe bure watoto wa mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa nia njema na kwa fedha za kutosha. Mvua kubwa zilinyesha mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, maji yakachafuka, na kuhara kukaenea nchini. Watoto wengi walikufa, na hospitalini ilionekana ya kuwa walio wengi mno kati ya waliolazwa walikuwa hawanyonyi. Tangu wakati ule dawa za virusi zimeendelea, na katika Kenya mama anayezimeza sawasawa hushauriwa anyonyeshe.

Mkulima mwenye ng'ombe uani atauliza kama hawezi kuuruka mkebe na kutumia alicho nacho. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita jibu ni hapana, kwa zile sababu za bonge na majivu, na kwa sababu maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana na huweza kuufanya utumbo mchanga kuvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Ya mbuzi si afadhali. Yamepungukiwa na foleti, vitamini ya kutengeneza damu. Kwa mtoto asiyenyonya wa miezi sita hadi kumi na moja, Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2023 ya kuwa maziwa ya mnyama yaweza kutumika badala ya mkebe, yakiwa yamechemshwa, na mtoto akipata pamoja nayo vyakula vyenye chuma, kama ini, nyama iliyosagwa, mayai na maharage. Hiyo ni habari njema kwa wenye ng'ombe. Ile mikebe ya "hatua ya pili" na "ya tatu" inayopangwa dukani kwa ajili ya watoto wakubwa haina ulazima wowote.

Mwisho kuna kadi ya kliniki. Kwa miaka mingi mistari ya uzito katika kadi hizo ilitokana na watoto wa jimbo la Ohio, Marekani, ambao wengi wao walilishwa chupa. Mtoto wa Nyeri au wa Kisii aliyenyonya vizuri alipanda upesi miezi mitatu ya kwanza, kisha mwendo wake ukapungua kidogo, kama upasavyo. Mwuguzi akiangalia mistari ya Ohio aliona mtoto anaanguka, akamwambia mama maziwa yake hayatoshi. Mama wangapi walianzishwa mkebe kwa kosa la karatasi, hakuna awezaye kuhesabu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa mistari mipya, iliyopimwa kwa watoto walionyonyeshwa katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na hiyo ndiyo iliyomo katika kitabu cha mama na mtoto kitumikacho Kenya. Mtoto wa mkebe akipimwa kwa mistari hiyo, akaonekana anapanda akivuka mstari hadi mstari juu ya wenzake, mwuguzi huomba kuona kijiko kinachotumika nyumbani, na jinsi kinavyojazwa.